Bunzi: Jina Lake, Ukoo Wake na Ramani Yake

Katika kazi ya kusanifu istilahi, majina ya wadudu huwa nyuma ya foleni. Maneno ya sheria hutangulia, yakafuatwa na ya uchumi, ya utawala, ya hospitali na ya mitambo. Mdudu hukumbukwa pale tu anapokula mahindi ghalani au anapoleta malaria. Hatuwalaumu waliotutangulia kwa mpango huo, kwani nchi changa huanza na yale yanayoibana. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni wafasiri wa vitabu vya kilimo na walimu wa biolojia wamekuwa wakikutana mara kwa mara na mdudu mmoja ambaye Kiswahili kinamjua siku nyingi, ila hakijakubaliana namna ya kumwandika. Mmoja humwandika nyuki seremala, wa pili nyuki mpweke, wa tatu nyuki mweusi, na wa nne hukwepa mashaka yote hayo kwa kuandika "mdudu fulani". Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya kuainishwa kwa mdudu huyo na ya kuchorwa kwa ramani ya makazi yake, kisha tutoe maoni yetu juu ya jina limfaalo.

Mdudu mwenyewe si mgeni kwa mtu yeyote aliyeishi katika nyumba ya Kiswahili. Hapa Dar es Salaam, tukichukua Buguruni kwa mfano, huonekana asubuhi jua linapopanda, akizunguka chini ya paa, kwenye kenchi za mbao laini za paina, katika nguzo za vibanda, au katika tawi lililokauka la mwembe. Ni mkubwa kuliko nyuki wa asali mara nyingi, sentimita mbili na zaidi, mweusi wa kung'aa, na mvumo wake husikika kabla hajaonekana. Jike hutoboa mbao kwa meno yake, akaacha tundu la mviringo lililo sawasawa kana kwamba fundi amepitisha keekee, na chini yake unga wa mbao ukidondoka sakafuni. Haili mbao ile. Ndani ya tundu huchimba njia ifuatayo uzi wa mti, akaweka donge la chavua iliyokandwa kwa mbochi, yaani maji matamu ya maua. Juu ya donge hutaga yai moja, akaziba kwa kigae cha unga wa mbao, kisha akaanza chumba cha pili. Hana malkia wala vibarua, na hakuna mzinga wa kurinwa.

Hili la mwisho ndilo lililomnyima heshima katika lugha. Nyuki wa asali anayo methali yake, fuata nyuki ule asali, na wanaomfuata wana msamiati mzima: mzinga, kundi, sega, masega machanga, nta, kurina, mrinaji, kufukiza moshi. Watu hawa walihitaji kutofautisha mambo, basi wakayapa majina. Huyu wa kwenye kenchi hana kitu cha kurinwa. Mwenye nyumba anachotaka kwake ni kwamba aondoke. Lugha humpa jina refu na la makini yule iliye na shughuli naye. Asiye na shughuli naye humpa jina moja la jumla likamtosha yeye na jirani zake.

Jina hilo, katika sehemu nyingi za pwani, ni bunzi. Wengine hulitumia kwa mdudu huyu hasa, na wengine kwa kila mdudu mkubwa avumaye na kuweza kuuma, hata likagongana na nyigu, mavu na dondora, majina ambayo nayo huvutwa huku na huku kutegemea mahali. Kwa walimu, tuongeze kwamba umbo la neno ni la ngeli ya li-/ya-, bunzi na mabunzi, lakini kwa kuwa ni kiumbe chenye uhai upatanisho wake ni wa a-/wa-: bunzi mmoja ametoboa, mabunzi wametoboa. Mwanafunzi asisahihishwe kinyume cha hivyo. Tena ziko sehemu ambako bunzi ni gunzi la mahindi lililopukuchuliwa. Muktadha hutenganisha maana hizo mbili bila taabu, kwani hakuna aliyewahi kukimbia gunzi.

Huku neno hili likiishi vinywani pasipo kuandikwa sana, mdudu mwenyewe alikwisha kupewa majina mengine mbali na hapa. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyeweka utaratibu wa kukipa kila kiumbe jina la maneno mawili ya Kilatini, mwaka 1767 alimwandika mmoja wa mabunzi wa Afrika kwa jina Apis caffra. Apis ni nyuki tu. Linnaeus aliwaweka nyuki wote katika ukoo mmoja, kama afanyavyo hadi leo mtu asemaye nyuki mweusi. Mwaka 1775 Fabricius, mwanafunzi wake, alimwandika mwingine, mkubwa zaidi, kwa neno nigrita, lenye kuashiria weusi. Mwaka 1778 De Geer akamwandika wa tatu kwa neno flavorufa, lenye kuunganisha manjano na wekundu, kwa sababu ya manyoya ya kifua chake. Ilipofika mwaka 1802 Mfaransa Latreille akaona kwamba nyuki hawa watoboao mbao ni ukoo wao wenyewe, akawatenga na nyuki wa asali na kuwapa jina la jenasi: Xylocopa. Hadi sasa jenasi hiyo imehesabiwa kuwa na spishi 400 hivi duniani kote, na hao watatu tuliowataja wote wanapatikana katika Afrika Mashariki.

Jina Xylocopa limejengwa kwa Kigiriki, na maana yake ni mkata mbao. Halikusema seremala. Useremala ni jina la mitaani la Ulaya, ambalo wafasiri wetu wamelichukua kama lilivyo na kulivika kanzu ya Kiswahili. Nasi twauliza: je, huyu ni seremala? Seremala, kama amjuavyo mtu wa Buguruni au wa Keko, ni mtu anayepima, anayekata, anayepiga randa, na zaidi ya yote anayeunga. Kazi yake huisha kwa kitanda au mlango. Bunzi haungi kitu. Kiswahili kinacho kitenzi kilichosimama mahali hapa tangu zamani, nacho ni kubungua, yaani kutoboa mbao au nafaka kama wafanyavyo wadudu. Iwapo ni lazima kazi yake iingizwe katika jina, basi ni mbunguaji, wala si fundi wa samani. Ila hatuoni ulazima huo.

Majina ya Kilatini yalipozidi, ilidhihirika kwamba mengi yalikuwa yamepewa mdudu mmoja. Sababu kubwa ilikuwa tofauti ya jike na dume. Jike wa Xylocopa caffra ni mweusi mwenye mikanda miwili ya manjano, au myeupe, mgongoni. Dume wake amefunikwa manyoya ya manjano yenye kuelekea kijani mwili mzima. Jike wa Xylocopa nigrita ni mweusi mwenye manyoya meupe usoni na ubavuni. Dume wake ni wa rangi ya mdalasini. Mtu aliyeletewa jike katika kasha moja na dume katika kasha jingine, bila kuwaona wakitoka tundu moja, alikuwa na kila sababu ya kuandika spishi mbili. Isitoshe, mikanda ya manjano haikuwekwa kwa caffra peke yake: wapo wengine waliojipamba vivyo hivyo, na mmoja wao, aliyeandikwa na Mwingereza Smith mwaka 1874, aliitwa inconstans, maana yake kigeugeu.

Hapa msomaji wa jarida hili ataona jambo la kumvutia. Wanazuolojia wana neno visawe kama tulivyo nalo sisi, lakini hawalitumii kama sisi. Kwetu visawe ni maneno mawili yaliyo hai, na mwandishi huchagua. Kwao, spishi moja ikipatikana kuwa na majina manane, moja tu ndilo halali, na saba yaliyobaki hubakia katika orodha kama mizigo isiyoruhusiwa kutupwa wala kutumiwa. Halali ni lile lililotangulia kuchapishwa, kuanzia mwaka 1758 uliowekwa kuwa mwanzo wa majina yote ya wanyama. Uzuri wa jina hauulizwi, wala ukweli wake, wala kama wenyeji wa nchi wanalifahamu. Baraza la lugha haliendi hivyo. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, neno linalosanifiwa hupimwa kwa matumizi ya watu, kwa ulinganifu wake na sarufi, na kwa uwezo wake wa kuzaa maneno mengine. Njia zote mbili zina hekima yake. Wanazuolojia wamechagua uthabiti. Sisi tumechagua wasemaji. Mfasiri asiyetambua tofauti hii ndiye anayedhani kwamba akitafsiri neno la Kilatini neno kwa neno ameleta sayansi.

Tugeukie sasa ramani, kwani ndiko madhara ya jina baya yaonekanako wazi.

Ramani ya makazi ya mdudu haichorwi kwa kuzunguka nchi na kuwahesabu wadudu. Huchorwa kwa kusoma vijikaratasi. Kila kielelezo kilichohifadhiwa katika makumbusho kimechomwa sindano, na chini ya sindano hiyo pana kijikaratasi kidogo kuliko stempu chenye jina la mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Mchora ramani hukusanya vijikaratasi hivyo, hutafuta kila mahali palipotajwa, na kuweka nukta. Nukta zikitosha, huzizungushia mstari. Kwa hiyo nukta moja yasimama juu ya majina mawili: jina la mdudu na jina la mahali. Likiyumba mojawapo, nukta imekwenda kwingine.

Na majina ya mahali petu yaliyumba kwelikweli. Baroni von der Decken, Mjerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1861 na tena mwaka 1862, na ambaye aliuawa kando ya mto Juba mwaka 1865, alikusanya wadudu wengi katika safari zake. Baada ya kifo chake wadudu hao walielezwa na Gerstaecker, mtaalamu wa makumbusho ya Berlin, katika kitabu kilichotoka mwaka 1873. Jina la kitabu lasema kuwa ni wadudu na jamaa zao wa "eneo la Sansibar". Eneo hilo halikuwa Unguja. Lilikuwa pwani na bara yote iliyohesabiwa kuwa nyuma ya Sultani, mpaka kwenye miguu ya Kilimanjaro. Mtu wa leo asomaye "Sansibar" katika maandishi ya wakati ule na kuweka nukta yake juu ya kisiwa cha Unguja, amemvusha bahari mdudu wa Taveta bila nauli.

Baadaye ilikuja zama ya "D. O. Afrika", yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambamo Tanzania Bara, Rwanda na Burundi zilikuwa jina moja. Mwaka 1902 Wajerumani waliunda taasisi yao ya utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, katika milima ya Usambara, na kutoka hapo vielelezo vilianza kupata majina ya mahali yaliyo sahihi zaidi. Mwaka 1909 Friese alichapisha kitabu juu ya nyuki wa Afrika nzima, kazi kubwa kwa wakati wake, iliyojaa pia majina ya vijitofauti vya rangi ambavyo wataalamu waliokuja nyuma walikuwa na kazi ya kuvirudisha nyumbani kwao. Mtu akiitazama orodha ya mahali katika kazi za namna hiyo, ataona kwamba bunzi waonekana kuishi mahali palipokuwa na misheni, boma, reli na taasisi. Sivyo. Wakusanyaji ndio walioishi huko.

Buguruni ni mfano mwema. "Daressalam" ya vijikaratasi vya Kijerumani ilikuwa mji mdogo karibu na bandari, na hata katika miaka ya 1950 Buguruni ilikuwa bado ukingoni mwa mji, penye minazi na nyumba za kijiji. Leo ni katikati ya jiji: barabara ya Uhuru yakutana na barabara ya Mandela, magari hayalali, na mnazi uliosalia huulizwa una umri gani. Kijikaratasi kimoja chenye neno hilo chaweza kuwa kimeandikiwa bunzi wa shamba la minazi au bunzi wa dirisha la ofisi ya bandarini, na tofauti hiyo ndiyo hasa anayoitafuta mtu anayetaka kujua kama mdudu huyu amestahimili mji au ameukimbia. Hakuna namna ya kuitoa katika neno moja.

Hatua kubwa ya karne ya ishirini ilitoka kusini. Mwaka 1983 Connal Eardley wa Afrika Kusini alichapisha uchunguzi mpya wa jenasi Xylocopa katika Afrika ya kusini, akachambua upya spishi, akaunganisha majina yaliyokuwa yamegawanyika, na kuonyesha kila spishi ilikopatikana. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa, na tunawapendekezea walimu wa vyuo waitafute. Lakini ilihusu kusini. Msomaji asiyeangalia kichwa cha kitabu aweza kudhani kwamba mahali nukta zinapokoma ndipo nyuki anapokoma, hali yeye hana habari ya mpaka ule. Mpaka ni wa msomi. Mwaka 2010 Eardley pamoja na mwenzake Urban walitoa orodha ya nyuki wote wa Afrika kusini ya Sahara, spishi baada ya spishi, na chini ya kila moja nchi ilimoandikwa. Hapo Tanzania ipo. Lakini kusema "Tanzania" ni kusema kilomita za mraba 945,000, kutoka Mtwara hadi Kagera, kutoka usawa wa bahari hadi theluji. Mwenyeji wa Buguruni aliye na tundu tatu kwenye kenchi yake hayumo katika ramani, ingawa nchi yake imo.

Siku hizi hifadhi za kumbukumbu za viumbe huwekwa katika kompyuta, na ile kubwa ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 2001, yenye makao yake Copenhagen, hukusanya pamoja vijikaratasi vya makumbusho na picha zinazopigwa na watu wa kawaida kwa simu. Ni msaada mkubwa. Ila picha ya mdudu mweusi anayeruka haimwonyeshi jike wa nigrita akiwa mbali na jike wa spishi nyingine kwa urahisi, na anayeiandika picha ile kwa Kiswahili huandika jina analolijua. Akiandika nyuki, kumbukumbu imepotea katikati ya nyuki wa asali. Akiandika bunzi, na bunzi likawa na maana iliyokubaliwa, angalau amefika kwenye jenasi. Hapo ndipo kazi yetu na kazi ya wanazuolojia zinapokutana, na ndiyo sababu tunaona suala hili si la kupamba kamusi.

Yatupasa pia kuwa na neno la ramani yenyewe. Katika tafsiri tulizozisoma, eneo lote anamopatikana mdudu huitwa mara mtawanyiko, mara uenezi, mara makazi, mara mipaka. Makazi hayafai, kwani makazi ni aina ya mahali: kenchi, mti mkavu, kichaka cha pwani. Mipaka yataja ukingo tu na kuacha ndani tupu. Maoni yetu ni kwamba mtawanyiko ubaki kwa nukta, yaani namna vielelezo vilivyosambaa katika ramani, na eneo la maenezi liwe ni lile lote lililozungushiwa mstari. Mwalimu ataweza kusema: mtawanyiko wa vielelezo vya caffra ni hafifu katika Tanzania ya kati, lakini eneo lake la maenezi huenda likaipita. Katika sentensi hiyo moja ameshamfundisha mwanafunzi kutoichanganya kumbukumbu na kiumbe.

Twarudi kwa neno caffra, ambalo tulilipita kwa makusudi. Asili yake ni neno la Kiarabu ambalo sisi pia tunalo: kafiri, asiyeamini. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walilitumia kwa watu wa bara wasio Waislamu. Wareno wakalichukua na kulifanya jina la watu na nchi za kusini mashariki mwa Afrika. Waholanzi na Waingereza wakalipokea huko. Likapoteza dini na kubaki na rangi ya ngozi, hata Afrika Kusini likawa tusi ambalo leo laweza kumfikisha mtu mahakamani. Linnaeus kwa neno hilo hakuwa na kusudi zaidi ya kutaja kusini mwa bara letu, na wataalamu wa mimea walilitumia vivyo hivyo kwa miti mingi. Mng'ongo, mti ambao watu wa Dodoma wanaufahamu vyema kwa matunda yake, nao katika Kilatini umebebeshwa neno hilo.

Julai 2024, wataalamu wa mimea waliokutana Madrid walipiga kura juu ya jambo hili. Kwa kura 351 dhidi ya 205 waliamua kwamba katika majina ya mimea, kuvu na miani, caffra igeuzwe kuwa affra, ya Afrika. Herufi moja imeondolewa na nyingine imebaki, na tusi limekuwa jina la bara. Wanazuolojia hawakufuata. Mwaka 2023 wanatume wa Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama walikuwa wamekwisha kuchapisha msimamo wao: majina hayatabadilishwa kwa sababu za kimaadili, kwani uthabiti ukivunjwa mara moja hautakuwa na mwisho. Basi mti umeondolewa neno, na nyuki anayetoboa tawi lake kavu amebaki nalo.

Hatuna kura katika tume hiyo. Lakini tunayo lugha yetu, na kwa hiyo tunasema bila kusita kwamba neno caffra lisitafsiriwe. Tumekwisha kuona rasimu ambamo lilifanywa "nyuki wa makafiri", na mfasiri akadhani amefuata asili. Hakika ameifuata, na ndilo kosa. Mahali ambapo jina la kisayansi linahitajika, liandikwe katika Kilatini chake, kwa herufi za mlalo, kama ilivyo desturi yao. Mahali ambapo jina la Kiswahili linahitajika, litolewe katika Kiswahili, kutokana na yale mwenyeji anayoyaona. Tunapendekeza bunzi-mikanda kwa caffra na wenzake waliovaa mikanda, bunzi-shavu-jeupe kwa nigrita, na bunzi-kifua-chekundu kwa flavorufa. Ni majina ya jike. La dume tutalifikia.

Limebaki neno mpweke. Nyuki wengi duniani, katika zaidi ya spishi 20,000 zilizoandikwa, hawaishi katika makundi kama nyuki wa asali. Kila jike hujenga, hulisha na kutaga peke yake. Vitabu vinahitaji neno la kuwakusanya. Wengi wameandika nyuki wapweke. Neno hili latutatiza kwa sababu upweke katika Kiswahili ni hali ya kuhurumiwa: mpweke ni aliyefiwa, aliyeachwa, asiye na wa kumpelekea chakula. Wapo waliojaribu nyuki wa pekee, lakini wa pekee ni asiye na mfano wake, jambo la sifa. Bunzi hakuachwa na mtu wala hana sifa ya ajabu. Tena upweke wake si kamili, kwa kuwa binti zake wakishatoka katika vyumba hukaa kwa muda ndani ya tundu moja na mama yao, wakilishwa, kabla ya kwenda zao. Mtu wa Buguruni angeielewa hali hiyo bila kuelezwa na profesa. Tungependelea nyuki wasio na kundi, kwa kuwa kundi tayari ni neno la warina asali na kinyume chake chaeleweka palepale. Ni maneno matatu badala ya moja, twakiri. Ila hayamdanganyi mtu.

Wapo watakaouliza kwa nini tumetumia kurasa hizi zote kwa mharibifu wa mapaa. Jibu liko sokoni. Ua la pasheni ni kubwa, na nyuki wa asali akiingia ndani yake hupita chini ya viungo vya chavua bila kuvigusa; bunzi ana kimo cha kuvigusa kwa mgongo wake, na bila mdudu mkubwa wa namna yake mkulima hana budi kuchavusha kwa mkono, ua kwa ua. Maua ya mbaazi na ya kunde nayo huyafungua kwa uzito wake. Katika kijitabu cha kilimo, kosa la kumwita nyigu laweza kumfanya mkulima anunue dawa ya kumuua anayemzalishia.

Mapendekezo haya bado hayajasanifiwa. Yametolewa ili wasomaji wayapime na kuyasahihisha. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa wilaya, hasa walio mbali na pwani, watuandikie jina ambalo mdudu huyu anaitwa hapo walipo, wakitaja kijiji au mtaa, lugha, rangi ya mdudu na mti au mbao aliyokutwa akibungua. Watuandikie pia kama jina hilo lamhusu yeye tu au lamhusu na nyigu. Zaidi ya hayo tunatafuta jina la dume, yule wa manjano au wa mdalasini asiye na mwiba, anayesimama hewani mbele ya ua kama aliyefungwa uzi. Hadi tunapoandika haya hatujaletewa hata moja.